Foto ya kwanza ndiyo ushahidi

Koltani ya Rubaya, kule Masisi, na kasiterite ya Bisie, kule Walikale, zinaingia ndani ya kompyuta za dunia nzima. Leo siye tumetumia kompyuta kwa faida yetu. Tumechukua libjpeg, maktaba ya programu za foto za JPEG iliyotoka mwaka 1991, tukaikompili: «./configure», halafu «make». Zikatoka programu zake za mfano: djpeg inafungua foto, cjpeg inaibana upya. Mumeona wenyewe: kwa ubora wa 10 juu ya 100, sura ya mtu imevurugika, na hairudi tena.

Njo maana tunawaomba: foto ya kijiji kilichochomwa, mutunze ile ya kwanza kabisa. WhatsApp nayo inabana. Siku mahakama itaiuliza, tuwe nayo.