Barua za Zamani Zipewe Ghala Lake

(Maneno yaliyosemwa na ofisi kwenye mkutano wa robo mwaka)

Ndugu wanakamati wa parokia, ndugu wafadhili wetu,

Mmetuuliza kwa nini ofisi imenunua diski mbili za kompyuta wakati mahitaji ni mengi. Swali ni la haki, na tunalijibu.

Wengi wenu mnakumbuka barua pepe zenu zilivyorudi bila kutufikia. Diski ya seva yetu ilikuwa imejaa. Tukawaagiza watumishi wafute barua za zamani. Nafasi ikapatikana, lakini mkaguzi wa hesabu alipouliza ni nani aliyeidhinisha kubadili mabomba ya mradi wa maji, barua ya kibali ilikuwa imeshafutwa. Kosa lilikuwa letu.

Mkulima hatupi mahindi ya akiba kwa sababu jiko limejaa. Ya kula leo huyaweka karibu, mengine huyapeleka ghalani. Nasi tumefanya vivyo hivyo.

Seva yetu inatumia Dovecot, programu huria iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 2002. Programu hii inaruhusu barua za mtu mmoja zikae sehemu mbili: mpya kwenye diski yenye kasi, za zamani kwenye diski kubwa ya bei nafuu. Ilitubidi kwanza tubadili muundo wa kuhifadhi barua, kutoka Maildir kwenda dbox, kwa sababu Maildir haina mpango huo. Sasa kila Jumamosi usiku seva hutekeleza amri iitwayo doveadm altmove, nayo huhamisha barua zilizozidi mwaka mmoja. Mtumishi akifungua kikasha chake huona folda zilezile na barua zilezile.

Hata hivyo, ndugu zetu, ghala si nakala ya akiba. Barua iliyohamishwa ipo mahali pamoja tu. Diski ikiharibika, imepotea. Ndiyo sababu ya diski ya pili. Hiyo hubeba nakala za sehemu zote mbili pamoja na faharasa zake, na hutunzwa nje ya ofisi. Fundi naye hukagua kwamba diski ya ghala imeunganishwa kila seva inapowashwa, maana isipoonekana, barua za zamani hazifunguki.

Tunawaomba mambo mawili. Kwanza, kila barua ya mradi iandikwe jina la mradi kwenye kichwa chake, ili itafutwe kwa urahisi baada ya miaka mingi. Pili, kamati zitusaidie kuamua kila aina ya barua itunzwe kwa muda gani. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022 haituruhusu kukaa na taarifa za watu kupita muda unaohitajika. Mkataba wa kisima una umri wake, na barua ya mzazi anayeeleza ugonjwa wa mwanawe ina wake.

Ndugu wafadhili, kibali kile kilichopotea hatuwezi kukirudisha. Tunachoweza ni kuhakikisha kwamba mkiuliza tena fedha zenu zilifanya nini, jibu litakuwepo.