Wasia wa Mwana Kupona
Mwaka 1858 Mwana Kupona binti Mshamu, mjane wa Bwana Mataka wa Siu, hali yu taabani kwa maradhi, alimtungia binti yake, Mwana Hashima, utendi wa kumuusia dini, adabu na kumsaidia muhitaji, kisha akaukhitimisha kwa dua. Wako wasemao, na hoja yao ina uzito, kwamba utiifu kwa mume anaouhimiza humo hauafikiani na zama zetu. Ama mimi, naona mama aliyetumia nguvu zake za mwisho kuwaombea wengine astahiki kuenziwa. Jambo hili latuhusu sote: je, nasaha za mama zetu wasioandika kitu, nani azihifadhi leo?