Picha ya Shamba na Mchoraji Wake

Ndugu zangu tuliokula maharage ya bwalo moja,

Kamati iliniomba nizungumzie biashara, maana ndiyo kazi yangu. Nimeomba ruhusa nizungumzie picha. Najua pilau inanukia hapo nyuma, sitawachelewesha.

Huko New York, katika Jumba la Makumbusho la Sanaa ya Kisasa, imo picha ya rangi ya mafuta iliyochorwa mwaka 1956 na mwenzetu wa nchi hii. Ni ya wanaume wanaompelekea bibi harusi pombe ya ndizi wakati wa usiku. Si picha kubwa, mtu aweza kuibeba kwapani. Jumba hilo liliipata mwaka 1960, kabla bendera yetu haijapanda. Aliyeichora ni Sam Ntiro, mzaliwa wa Machame, Kilimanjaro, mwaka 1923. Alisoma Makerere kwa Bibi Margaret Trowell, akafundisha huko huko, akasoma pia katika shule ya sanaa ya Slade, London. Baada ya Uhuru alituwakilisha Uingereza akiwa Balozi hadi mwaka 1964. Alifariki mwaka 1993.

Vyeo si hoja yangu. Hoja yangu ni kwamba mtu huyu aliishi Kampala, London na Dar es Salaam, na bado aliposhika brashi alirudi kwao: migomba, watu wakilima, watu wakivuna, mlima nyuma yao. Kijiji hakikuwa mbele ya macho yake. Bibi Trowell aliwazoesha wanafunzi wake kusimuliwa jambo, walione kwanza moyoni, ndipo wachore.

Wafaransa wa mtindo wa impreshonizimu walifanya kinyume. Claude Monet na wenzake walibeba turubai zao wakaenda kuchora shambani, wauwahi mwanga wa saa ile kabla haujapita. Mwaka 1890 na 1891, karibu na nyumbani kwake Giverny, Monet alichora marundo ya ngano, picha kama 25: ya asubuhi, ya jioni, ya wakati wa theluji. Vivuli alivipaka bluu badala ya nyeusi. Walipofanya maonyesho yao Paris mwaka 1874 mwandishi mmoja wa gazeti aliwadhihaki, na jina la dhihaka ndilo wanaloitwa hadi leo. (Kwa pembeni tu: rangi yao nyeupe ilitengenezwa kwa risasi, madini yale yale yaliyochimbwa hapa Mpanda, yakaletewa reli kutoka Kaliua.)

Sasa nirudi nyumbani. Mnaikumbuka Septemba yetu. Kule mbugani Katavi Mto Katuma unabaki madimbwi, viboko wanabanana matopeni. Huku porini miombo inachipua kabla ya mvua, na majani yake machanga hayana ukijani hata kidogo. Ni mekundu, mengine rangi ya shaba, mengine ya zambarau. Wiki chache tu, kisha pori linakuwa kijani kama mapori mengine.

Enzi zile tukiwa bado Mkoa wa Rukwa, bwenini kwetu alikuwapo kijana wa hapa hapa aliyelichora pori hilo kwenye kipande cha boksi. Rangi hakuwa nazo. Alitumia udongo mwekundu, mkaa na bluu ya kufulia nguo. Miti akaipaka nyekundu, vivuli vyake bluu, akaibandika picha juu ya kitanda chake.

Mimi nilikuwa kiranja wa bweni. Nilimwambia mbele ya wenzake kwamba miti haiwi myekundu, hata mtoto wa chekechea anajua. Wakacheka. Jumamosi ya ukaguzi niliibandua picha ile, nikaitupa jalalani. Hakusema neno. Mpaka tunamaliza shule sikumwona akichora tena.

Miaka mingi baadaye nilipanda gari moshi kutoka Tabora, ulikuwa mwezi wa Septemba. Tulikwisha kuvuka Mto Ugalla. Kulipopambazuka nikachungulia dirishani: miti myekundu, na chini yake vivuli vya bluu. Nilikuwa nimekaa katikati ya miti hiyo miaka 4 nzima. Nilirudi kuketi, nikaona haya peke yangu humo behewani.

Ndugu huyo yumo humu ukumbini. Simtaji, kwa kuwa hakuniomba nimtaje. Jana usiku nilimwomba radhi. Alicheka, akasema picha ameisahau, ila anakumbuka lile boksi lilikuwa la sabuni. Sikumwamini.

Nimeleta rangi za mafuta, brashi na turubai 3. Nimeziacha kwa Mwalimu. Na ukuta wa bwalo, ule unaotazamana na jiko, nimepita asubuhi nikaukuta bado mtupu.

Pilau isipoe.