DAWA NI AMANA YA WOTE

(Mazungumzo ya Afisa Habari wa Wizara kwa watumishi wa Serikali na wananchi)



Wengi wetu tunaikumbuka klorokwini. Kwa miaka mingi vidonge vile vichungu vilikuwa tegemeo letu dhidi ya malaria, Unguja na Pemba. Hatimaye vimelea vya malaria viliizoea, dawa ikawa inamezwa na homa haiondoki. Mwaka 2003 Zanzibar ililazimika kuiacha na kuanza kutumia dawa mseto. Lililoifika klorokwini linaweza kuzifika pia antibayotiki, yaani dawa zinazoua bakteria, kama vile amoksilini na penisilini.

Usugu huingiaje? Mgonjwa anapotumia antibayotiki, bakteria dhaifu hutangulia kufa. Wale wenye nguvu wakisalia, huzaana, na kizazi chao hakidhuriki na dawa ile. Alexander Fleming, aliyegundua penisilini mwaka 1928, alitoa onyo juu ya jambo hili mwaka 1945 alipopokea Tuzo ya Nobel. Watafiti wamekadiria kwamba mwaka 2019 usugu wa bakteria ulisababisha moja kwa moja vifo vya watu wapatao milioni 1.27 duniani.

Ieleweke kwamba kinachokuwa sugu ni bakteria, si mwili wa mgonjwa. Kwa hivyo anayetumia dawa ovyo hajidhuru peke yake. Bakteria wale huweza kumfikia mtoto mchanga wa jirani, au mzazi aliyejifungua kwa kupasuliwa, ambao hawajapata kukosea dozi hata siku moja. Ndiyo maana tunasema dawa ni amana: anayeitumia vibaya anapoteza haki ya mwenziwe.

Kutokana na hayo, wananchi wanaombwa kuzingatia yafuatayo:

Kwanza, mafua na vikohozi vingi husababishwa na virusi, na antibayotiki haziui virusi. Kununua vidonge viwili vitatu vya rangi mbili kwa ajili ya mafua ni kupoteza fedha na kuiharibu dawa.

Pili, antibayotiki zitumiwe kwa cheti cha daktari, kwa kiasi, saa na siku alizoagiza, hata kama mgonjwa amepata nafuu.

Tatu, dawa iliyobaki asipewe mtu mwengine, wala isiwekwe akiba kwa maradhi yajayo.

Nne, wafugaji wasiwape kuku na ng'ombe antibayotiki bila ya ushauri wa daktari wa mifugo.

Wauza dawa nao wana dhamana kubwa. Mteja asiye na cheti aelekezwe kituo cha afya, japokuwa biashara itapungua siku hiyo. Antibayotiki mpya zinazogunduliwa ni chache mno, na hizi tulizonazo zikishindwa, jeraha dogo litarudi kuwa maradhi ya kuua.