Hesabu ya Saa Kabla ya Hesabu ya Ada
Hotuba kuhusu kusoma shahada kwa njia ya masafa, iliyotolewa mjini Vwawa mbele ya walimu, watumishi wa afya na watendaji wa kata na vijiji



Nimeombwa nizungumze juu ya jambo ambalo wengi wetu tunalifikiria, nalo ni kusoma shahada bila kuacha kazi, shamba wala familia.

Elimu ya masafa haikuanza na simu za mkononi. Chuo Kikuu cha London kilianza kuwaruhusu watu wasiohudhuria masomo chuoni kufanya mitihani ya shahada mwaka 1858. Nelson Mandela alikamilisha shahada yake ya sheria mwaka 1989 kupitia Chuo Kikuu cha Afrika Kusini, akiwa bado kifungoni. Hapa nchini, Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima imekuwa ikifundisha kwa njia ya posta tangu miaka ya 1970. Katika miaka hiyohiyo, taifa lilipoamua kila mtoto apate elimu ya msingi, maelfu ya walimu waliandaliwa hukohuko vijijini. Walifundisha darasani huku wenyewe wakijifunza kwa vitabu, redio na wakufunzi waliowatembelea. Wazee wetu waliosomeshwa na walimu wa UPE ni matunda ya elimu ya masafa, hata kama hawakuijua kwa jina hilo.

Bunge lilipotunga sheria ya kuanzisha Chuo Kikuu Huria cha Tanzania mwaka 1992, mlango ulifunguliwa hadi ngazi ya shahada. Chuo hicho kina makao makuu Kinondoni, Dar es Salaam, na vituo vyake vimeenea mikoani. Mwanafunzi husoma akiwa kwake, hupata vitabu na maelekezo kwa njia ya mtandao, na hufanya mitihani katika kituo chini ya usimamizi. Huko husomwa ualimu, sheria, biashara, sayansi na masomo ya jamii.

Ndugu zangu, mlango uko wazi. Hata hivyo, sote tunawafahamu watu waliolipa ada ya mwaka wa kwanza, wakanunua daftari na bando, kisha wakanyamaza. Fedha iliyopotea mara nyingi ilitoka kwenye mauzo ya kahawa ya familia nzima, au kwenye mkopo ambao bado unakatwa kwenye mshahara. Wengi wao wana akili ya kutosha kabisa. Walihesabu ada, lakini hawakuhesabu saa.

Naomba basi tuzihesabu pamoja. Kwa utaratibu wa vyuo vikuu vyetu, shahada ya kwanza haipungui krediti 360, na kila krediti moja hukadiriwa kuwa saa 10 za kujifunza. Hizo ni saa 3,600. Mtu anayesoma saa 2 kila jioni kwa siku tano za juma, anapata saa 10. Tukiondoa majuma machache ya misiba, maradhi na sikukuu, tuseme anasoma majuma 45 kwa mwaka. Atapata saa 450, na shahada itamchukua miaka 8. Akiongeza saa 5 Jumamosi na saa 5 Jumapili, atafikisha saa 900 kwa mwaka, na miaka 4 itamtosha. Bandu bandu huisha gogo, lakini ni lazima mtu ajue ukubwa wa gogo lenyewe na uzito wa shoka alilonalo.

Sasa tujiulize: saa hizo zinatoka wapi? Mvua zinapoanza mwezi Novemba, shamba la mahindi linatuita. Kahawa inapoiva katikati ya mwaka, nyumba nzima iko shambani, na mtu hawezi kujifungia na kitabu wakati wenzake wanachuma. Kwa hiyo mwanafunzi wa Mbozi apange ratiba yake kwa kufuata msimu. Ajiandikishe masomo machache katika kipindi ambacho shamba linadai nguvu, na aongeze kipindi kinachofuata. Faida ya elimu huria ni kwamba inamruhusu mtu kwenda kwa mwendo wake. Kwenda polepole si aibu, mradi mtu asisimame.

Tena, saa hizo si mali ya mwanafunzi peke yake. Mwalimu wa kike anayetoka shuleni alasiri anakuta maji hayajatekwa, watoto wana njaa na mgonjwa anahitaji kuangaliwa. Saa zake 2 za jioni hazitapatikana mpaka mtu mwingine nyumbani abebe sehemu ya kazi hizo. Nawaomba akina baba mnaonisikia: kumlipia mke ada bila kumpunguzia kazi ni kumnunulia mbegu na kumnyima jembe. Kabla ya kujaza fomu, kaya ikae pamoja na ikubaliane nani atafanya nini, siku zipi, kwa muda gani.

Lipo pia suala la mwajiri. Mtumishi wa umma asianze masomo kimyakimya. Aandike barua ya kuomba kibali kupitia kwa mkuu wake wa kazi, ili mafunzo yake yaingizwe katika mpango wa mafunzo wa Halmashauri. Shahada haimpandishi mtu cheo siku anapovaa joho. Kubadilishiwa kada kunategemea kibali, nafasi na bajeti, na asiyekuwa na kibali atapata shida kubwa zaidi kudai anachostahili. Vilevile, masomo ya masafa hayaruhusu kuacha wagonjwa kwenye foleni au wanafunzi bila mwalimu. Siku za mitihani na za mazoezi ya kufundisha ziombewe ruhusa mapema, ili mwenzako ajiandae kukushikia zamu.

Kabla ya kulipa fedha popote, hakikisha chuo na programu yake vinatambuliwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania. Tangazo zuri kwenye simu si ithibati. Fahamu pia kuwa si kila taaluma husomwa kwa masafa. Fani za tiba zinahitaji wodi, maabara na mkufunzi aliye kando yako.

Kwa ndugu ambaye hakumaliza sekondari, safari yake ianzie pale alipoishia. Aliyeishia darasa la saba anaweza kufanya Mtihani wa Maarifa, kisha mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea, na kuendelea. Amwone Afisa Elimu Kata kwa maelekezo. Njia hiyo ni ndefu, lakini ni ya halali.

Mwisho, nashauri watumishi wanaosoma katika kata moja waunde kikundi, wawe watatu au wanne, wakutane mara moja kwa juma. Upweke huwaondoa wengi masomoni. Walimu wakuu na waganga wafawidhi wanaweza kuwasaidia kwa jambo moja lisilo na gharama: chumba kimoja chenye meza na taa, kifunguliwe baada ya saa za kazi.

Ndugu zangu, leo jioni chukueni karatasi, muandike saa za juma lenu zima, na mwoneshe mwenzi wenu. Mkizipata saa 10 ambazo nyumba nzima imezikubali, hapo ndipo mwende kuulizia ada.