Njia Tunayoijua Sisi



Jioni moja niliitwa kumpa mzee mgonjwa Sakramenti ya Mpako. Penye njia panda nilimkuta mtoto wa miaka kama mitano, nikamwuliza nyumba ya mzee huyo. Akajibu upesi: "Pita tunakopita kuteka maji, halafu pale tunapotua ndoo, ingia." Kila neno lilikuwa kweli, lakini mimi sikupata kuteka maji pamoja nao, wala sikujua watuapo ndoo. Nikapotea. Dada yake, binti wa miaka kumi hivi, ndiye aliyenirudisha. Alisimama kando yangu, akatazama nilikotazama, akasema: "Baba, ukiuacha mwembe nyuma yako, nyumba ni ya pili, mkono wako wa kuume." Nilipofika, mzee alikuwa amekwisha fariki.

Simlaumu mtoto yule. Jean Piaget, mtaalamu wa Uswisi, alionyesha katika kitabu chake cha mwaka 1924 kwamba mtoto huanza kuujua mkono wake mwenyewe wa kuume. Hupita miaka kadhaa kabla hajaweza kuutaja mkono wa kuume wa mtu anayemkabili. Kuelekeza njia, basi, ni kujifunza kusimama mahali pa mwenzako.

Je, sisi wazazi na makatekista tumekwisha kujifunza? Twamwambia kijana: "Fuata njia tuliyoifuata sisi." Maneno ni ya kweli. Lakini yeye hakukulia tulikokulia, wala hajui tulipotua mizigo yetu. Akipotea, twamwita mkaidi.

Tumtazame Filipo katika Matendo ya Mitume, sura ya 8. Towashi wa Kushi alikuwa akisafiri kutoka Yerusalemu kwenda Gaza, akisoma kitabu cha nabii Isaya pasipo kukielewa. Filipo hakubaki kando ya barabara akinyosha kidole. Alipanda garini, akaketi naye, akaanzia kwenye andiko lile lile alilokuwa akilisoma. Ndivyo alivyotutendea Mwana wa Mungu mwenyewe: alishuka, akasimama tuliposimama sisi.

Wapendwa, juma hili, kabla ya kumwonyesha mtu njia, mwulize kwanza: "Umesimama wapi?" Kisha nenda usimame naye. Tusikawie, kwa maana mimi najua uchungu wa kufika nikiwa nimechelewa.

Mungu awabariki. Amina.