Mti wa Krismasi Baada ya Sikukuu



Sikukuu imekwisha, wageni wamerudi makwao, na katika nyumba nyingi za Kibera na Kawangware mti wa Krismasi ungali umesimama pembeni, umeanza kugeuka rangi. Napenda kuzungumza nanyi juu ya mti huo, maana watu hufikiri sana jinsi ya kuupata, lakini jinsi ya kuuondoa hawaifikiri.

Mti wenyewe kwa kawaida ni msaipresi, au tawi lake lililokatwa uani. Asili yake ni Meksiko na nchi jirani za Amerika ya Kati, nao ulianza kupandwa katika nyanda zetu za juu mwanzoni mwa karne ya 20. Wengi huuita mtarakwa, ingawa mtarakwa wa kweli ni mti mwingine, wa asili ya nchi hii. Majani yake yana mafuta yenye harufu nzuri, na hapo ndipo penye hatari. Ukiwa mbichi hauwaki upesi. Ukikauka, cheche moja yatosha. Tena wako waupambao kwa pamba mfano wa theluji, nayo pamba hushika moto mara moja. Fikirini basi chumba kimoja chenye jiko, taa ya mafuta na nyaya za umeme, na ukuta wa mabati ambao upande wa pili ni wa jirani. Huenda jirani huyo ni Mwislamu, wala hakuwa na mti wowote, na nyumba yake ndiyo itakayoteketea ya pili. Gari la zimamoto halipiti katika vichochoro vile. Kwa hiyo mti utolewe nje mara majani yaanzapo kupukutika.

Lakini kuutoa nje si kuutupa mtaroni. Januari mtaro huwa mkavu, na tawi laonekana halina madhara. Masika yaanzapo mwezi wa Machi, tawi lile lile hunasa takataka nyingine, maji yakapanda hadi milangoni. Waliokaa karibu na mto Ngong wakati wa mafuriko ya mwaka 2024 hawahitaji kuelezwa zaidi.

Katika London mabaraza ya mitaa hukusanya miti hii, ikasagwa kwa mashine, na vipande vyake vikatandazwa bustanini. Sisi hatuna mashine hiyo vichochoroni, lakini panga tunalo. Kwanza vua mapambo yote, nyuzi za plastiki na waya, kwa kuwa plastiki ikichomwa moshi wake hudhuru mapafu. Kisha katakata matawi madogo vipande vifupi, uvitandaze juu ya udongo wa sukumawiki. Watu wengi wa Kibera hulima mboga katika magunia, na udongo wa gunia hukauka upesi mno wakati wa jua. Tandazo hilo huzuia maji yasipotee. Lisigusane na shina la mboga, wala lisiwekwe juu ya mbegu zisizoota. Fimbo zilizonyoka zitafaa kuegemeza nyanya. Shina lipasuliwe na kuanikwa majuma kadhaa, kisha liwe kuni za kupikia nje, si chumbani, kwa sababu hutoa cheche.

Wafugaji wa Kawangware na Dagoretti, jihadharini. Msisitupe matawi haya zizini, maana majani ya miti ya jamii hii yaweza kumharibia mimba ng'ombe.

Na yule aliyenunua mti wenye mizizi ndani ya mkebe, asidanganyike na udogo wake. Hukua mita 20 na zaidi, hivyo usipandwe karibu na nyumba. Aendelee kuumwagilia maji mpaka masika, kisha aombe ruhusa kwa mwalimu mkuu wa shule au mzee wa kanisa lenye uwanja mpana, aupande huko.